MALI BILA DAFTARI

Hotuba juu ya Serikali inapofanya biashara, iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama na kupigwa chapa humu kwa ombi la Kamati.



Kamati iliniomba niseme juu ya matumizi ya fedha za Serikali, hasa katika idara zake za biashara. Jambo hili laonekana kupita kimo cha karani, na yamkini wako miongoni mwenu wanaosema moyoni, "Haya ni mambo ya Mawaziri na Wabunge; kazi yetu sisi ni kuandika tunayoambiwa." Nataka kuwaonyesha, kwa mifano miwili ya kweli, ya kuwa sivyo. Fedha ya umma haitoki katika hazina kwa neno la Waziri peke yake. Hutoka kwa karatasi, na kila karatasi ina mkono ulioiandika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu twamwambia maneno hayo mwenye duka aliyefilisika. Leo naomba ruhusa niyaseme kwa Serikali, maana Serikali nayo mara kwa mara hufungua duka.

SERIKALI NA DUKA LAKE

Serikali ina kazi za namna mbili. Ya kwanza ni kutawala: kulinda amani, kujenga barabara, kuponya wagonjwa, kufundisha watoto. Fedha ya kazi hizi hutumika ikaisha, na kila mtu aweza kwenda akatazama kama barabara ipo au haipo. Ya pili ni kufanya biashara: kulima mashamba makubwa, kuendesha reli na viwanda, kununua mazao na kuyauza, kukopesha wafanya biashara au kuwadhamini kwa mabenki.

Kazi hii ya pili ina hatari iliyo yake peke yake. Katika biashara hasara ya leo huweza kuitwa mtaji wa kesho. Barabara isiyojengwa huonekana mara moja, lakini shamba lisilozaa, mwenye kulisimamia husema, "Ngojeni mwakani." Mwakani akisema hivyo tena, ni nani awezaye kumkatalia, ikiwa vitabu havionyeshi kilichoingia na kilichotoka?

Kwa sababu hiyo Serikali ikiingia katika biashara yapasa itoe hesabu mbili. Moja ni hesabu ya fedha: kiasi gani kilitoka, kwa idhini ya nani, na kilinunua nini. Nyingine ni hesabu ya shauri lenyewe: kwa nini lilichaguliwa, nani alionya, na onyo lake lilijibiwaje. Wengi hudhani ya kwanza yatosha. Haitoshi, kwa kuwa yawezekana kila senti ikawa na stakabadhi yake, na shauri zima likawa la upuzi. Wala ya pili haisimami bila ya kwanza. Maneno mazuri ya Waziri pasipo vitabu ni kama nyumba iliyojengwa juu ya mchanga.

SHAURI LA KARANGA

Mfano wangu wa kwanza ulitukia hapa hapa Tanganyika, siku za utawala wa Waingereza. Wazee wetu waliuona kwa macho yao.

Baada ya Vita Kuu ya Pili watu wa Uingereza walikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mafuta na siagi viligawiwa kwa kipimo, na kipimo hicho hakikuondolewa mpaka mwaka 1954. Basi mwezi wa Machi 1946 Bwana Frank Samuel, mkuu wa United Africa Company, kampuni iliyokuwa chini ya Unilever, alipeleka shauri kwenye Wizara ya Chakula mjini London: karanga zilimwe Afrika ya Mashariki kwa mashine, katika mashamba makubwa yasiyopata kuonekana. Wizara ikatuma watu 3, na mkubwa wao alikuwa Bwana John Wakefield, aliyepata kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika. Walizunguka kwa muda wa wiki zipatazo 9, mahali pengi wakipatazama kutoka katika ndege, kisha wakaandika taarifa yao.

Taarifa ilisema zifyekwe eka 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya eka 30,000 kila moja: 80 Tanganyika, 17 Rhodesia ya Kaskazini, ambayo ndiyo Zambia ya leo, na 10 Kenya. Zingepatikana tani 600,000 za karanga kila mwaka, na Uingereza ingeokoa pauni milioni 10 kwa mwaka katika bei ya chakula chake. Mwezi wa Februari 1947 Waziri wa Chakula, Bwana John Strachey, aliuleta mpango huo mbele ya Bunge, na gharama yake yote ilikadiriwa kuwa pauni milioni 25.

Kazi ilianza Kongwa, katika nchi ya Wagogo, mwanzo wa mwaka huo wa 1947. Ilikusudiwa mwaka wa kwanza zilimwe eka 150,000. Zilizopandwa zilikuwa 7,500 hivi. Matrekta mengi yalikuwa masazo ya vita, mengine yalinunuliwa mbali kama Ufilipino, nayo yakaharibika kabla mwaka haujaisha. Hata vifaru viligeuzwa kuwa matrekta ya kung'olea miti. Ardhi ya Kongwa, mvua ikikatika, hukauka ikawa ngumu kama saruji, na karanga hukwama humo. Na mvua yenyewe si ya kutegemewa.

Hayo yote Wagogo waliyajua. Njaa kubwa waliyoiita Mtunya, ya miaka ya 1917 hadi 1920, ilikuwa bado katika midomo ya watu wazima. Lakini katika mpango ule fedha ilikuwa ya Uingereza, na ardhi ilikuwa ya Tanganyika. Mwenye fedha alikuwa na Bunge la kumwulizia. Mwenye ardhi hakuwa nalo. Katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, waliingia mwaka 1945, nao waliingia kwa kuteuliwa na Gavana. Basi watu waliojua habari za udongo na mvua hawakuwa na mahali pa kuuliza swali likaandikwa na kujibiwa.

VITABU VYA KONGWA

Sasa tuje kwenye daftari, maana hapo ndipo penye kazi yetu.

Mwanzoni United Africa Company ndiyo iliyosimamia kazi kwa niaba ya Wizara. Mnamo tarehe 1 Machi 1948 ikaikabidhi kwa shirika jipya la Serikali lililoitwa Overseas Food Corporation, ambalo mwenyekiti wake alikuwa Bwana Leslie Plummer. Sheria ya mwaka 1948 iliyoliunda shirika hilo ililiruhusu kukopa hadi pauni milioni 50. Sheria hiyo hiyo ilisema liweke vitabu vya hesabu vilivyo sawa, vikaguliwe kila mwaka, na taarifa ipelekwe Bungeni.

Kila karani aliyepata kufanya kazi katika stoo aelewa jinsi ilivyokuwa. Mashine na vipuri viliingia kwa haraka kuliko mkono wa mwandishi. Kitu hupokewa leo, kikaandikwa wiki ijayo, na kabla ya kuandikwa kimekwisha chukuliwa kwenda porini. Mwenye kukabidhi hana orodha kamili, na mwenye kukabidhiwa hana nafasi ya kuhesabu. Mkubwa husema, "Fyekeni kwanza, kuandika baadaye." Na hiyo baadaye haifiki.

Taarifa ya kwanza ya shirika, ya mwaka uliokwisha tarehe 31 Machi 1949, ilitolewa mwisho wa Oktoba mwaka ule. Wakaguzi wa hesabu walikataa kuthibitisha kwamba vitabu vilivyo sawa vilikuwa vimewekwa kama sheria ilivyotaka. Fikirini, ndugu zangu: wakati huo fedha iliyokwisha tumika ilipita pauni milioni 20, na hakuna mtu duniani aliyeweza kusema kwa hakika ilinunua nini na vitu vile viko wapi.

Bunge likajadili jambo hilo kwa ukali mwezi wa Novemba 1949. Bwana Wakefield na Bwana Rosa, waliokuwa katika ile safari ya uchunguzi ya mwaka 1946, waliondolewa katika uongozi wa shirika. Waziri alibaki katika kiti chake; baada ya uchaguzi wa mwaka 1950 akahamishiwa wizara nyingine. Mwezi wa Januari 1951 Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango ule mkubwa umeachwa, na fedha iliyofutwa katika vitabu kuwa hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Pimeni wenyewe: kazi yote ya eka milioni 3 na zaidi ilikadiriwa pauni milioni 25, nayo ilikatika njiani ikiwa imekwisha kula milioni 36.

Nachingwea na Urambo nako kulifyekwa. Reli iliyojengwa kwa ajili ya karanga za Nachingwea iling'olewa katika miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, nayo ni faida ya kweli. Na Kongwa pakawa malisho ya ng'ombe. Si haki kusema hapakupatikana kitu kabisa. Lakini faida iliyopatikana bila kukusudiwa haiwezi kuandikwa katika hesabu kana kwamba ndiyo iliyokusudiwa.

KOSA LILIKUWA WAPI

Watu wengi wakisimulia habari hii hucheka matrekta na vifaru. Mimi naona kosa lilikuwa katika mambo matatu, na hakuna hata moja lililohusu mashine.

Kwanza, waliolipima shauri ndio waliopewa kuliendesha. Bwana Wakefield na Bwana Rosa walichunguza, wakasema lafaa, kisha wakatiwa katika bodi ya shirika. Sisemi walikuwa watu wabaya. Nasema mtu aliyekwisha kusema mbele ya Mawaziri kwamba jambo lawezekana, ni vigumu kwake kuwa wa kwanza kusema halikuwezekana. Mpimaji na mwenye kazi yafaa wawe watu mbali mbali, kama vile mtunza stoo asivyokagua stoo yake mwenyewe.

Pili, haraka ilitangulia daftari. Njaa ya mafuta ilikuwa ya kweli, na haraka ilikuwa na sababu yake. Lakini kuandika hakukuwa ndiko kulikoichelewesha kazi. Kilichoichelewesha kilikuwa kutojua: kutojua trekta lipi ni zima, kipuri kipi kimefika, eka ngapi zimefyekwa kweli. Daftari si adui wa haraka. Asiye na daftari ndiye azungukaye.

Tatu, shirika liligeuka kuwa pazia. Siku zile ilikuwa desturi ya mashirika ya umma ya Uingereza kwamba Waziri hujibu juu ya siasa kubwa, na mambo ya kila siku huwaachia wakuu wa shirika. Desturi hii ina maana yake, kwa sababu biashara haiwezi kuendeshwa kwa maswali ya Wabunge kila asubuhi. Lakini angalieni matokeo yake. Mbunge akimwuliza Waziri, aambiwa ni kazi ya shirika. Akitazama vitabu vya shirika, avikuta si kamili. Hivyo swali latembea kutoka mlango hata mlango, na kila mlango waelekeza mwingine, mpaka fedha imekwisha.

WIZARA YA BIASHARA, MWAKA 2020

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya zamani, watu wamejifunza." Basi nawapa mfano wa pili, wa nchi ile ile ya Uingereza, wa siku zetu hizi, nao wahusu Wizara ya Biashara yenyewe.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona ulipofunga maduka na karakana, Serikali ya Uingereza iliona wafanya biashara wadogo wataanguka wote. Tarehe 27 Aprili ilitangaza mikopo ya kuwainua, kuanzia pauni 2,000 hadi 50,000 kwa kila biashara. Benki ndizo zitakazokopesha, lakini Serikali itadhamini deni lote, pauni kwa pauni. Mwombaji alijaza fomu fupi na kujithibitisha mwenyewe, na benki haikutakiwa kupima kama ataweza kulipa. Milango ilifunguliwa tarehe 4 Mei. Mpaka ilipofungwa mwezi wa Machi wa mwaka uliofuata, ilikuwa imetolewa mikopo milioni 1 na nusu hivi, yenye jumla ya pauni bilioni 47 hivi, yaani milioni 47,000.

Hapa nataka mtege masikio. Nchini Uingereza afisa mkuu wa kila wizara hujibu yeye mwenyewe mbele ya Bunge juu ya fedha ya wizara yake. Akiona Waziri ataka kutumia fedha katika jambo lisilo salama, au lisilo na thamani ya fedha ile, yampasa kuandika onyo lake, na kuomba amri kwa maandishi. Waziri akiandika amri, afisa atii. Lakini tangu siku ile mzigo ni wa Waziri, na karatasi zile hupelekwa kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Ndivyo ilivyokuwa. Siku chache kabla ya milango kufunguliwa, mkuu wa British Business Bank, benki ya Serikali iliyosimamia mpango, aliandika kwa Waziri wa Biashara, Bwana Alok Sharma, akaonya juu ya hatari ya udanganyifu na ya hasara kubwa. Waziri akajibu kwa maandishi kwamba amezisikia hatari, na kwa ajili ya dharura aagiza mpango uendelee. Barua hizo zikachapishwa, watu wote wakazisoma.

Hatari ilitokea kama ilivyoonywa. Hata kizuizi cha kumzuia mtu mmoja asikope kwa benki mbili hakikuwekwa mpaka mwezi wa Juni. Mwezi wa Oktoba 2020 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa taarifa kwamba Serikali yaweza kupoteza kati ya pauni bilioni 15 na 26. Baadaye makadirio yalishuka, lakini yalibaki makubwa mno. Tarehe 24 Januari 2022 Bwana Agnew, Waziri aliyekabidhiwa kazi ya kupambana na udanganyifu, alisimama katika Baraza la Malodi, akalaumu vikali jinsi Wizara ya Biashara na benki ile walivyousimamia mpango, kisha akajiuzulu papo hapo.

TOFAUTI YA MIFANO HII MIWILI

Mwaweza kuniuliza, "Basi faida ya barua ile ni nini, ikiwa fedha ilipotea vile vile?" Swali hili ni la haki, na jibu lake ndilo jambo kuu nililokuja kulisema.

Barua haikuizuia hasara. Tena yamkini Waziri alikuwa na haki kuendelea, kwa kuwa biashara nyingi zingekufa, na Serikali huchaguliwa ili iamue mambo magumu kama hayo. Lakini barua ilifanya jambo ambalo Kongwa halikupatikana. Mtu akiuliza leo, "Nani aliagiza? Alionywa nini? Alijibu nini? Lini?" majibu yapo, yenye tarehe na sahihi. Karani hakutafutwa ili abebe mzigo wa mkubwa. Mkaguzi aliingia kazini katika miezi ya kwanza, si baada ya miaka miwili. Bunge lilijua mahali pa kushika.

Katika habari ya karanga, mengi yaliyojulikana yalijulikana baada ya fedha kuisha, na hata hapo nusu yake ilikuwa maneno ya huyu dhidi ya yule. Watu wawili wa bodi waliondolewa. Lakini nani aliagiza nini siku ipi, vitabu havikuweza kusema.

Basi kutoa hesabu si kuahidi kwamba hasara haitatokea. Hata mfanya biashara mwerevu hupata hasara. Kutoa hesabu ni kuhakikisha kwamba hasara ikitokea, ina mwenyewe.

Tena angalieni jambo la haraka. Mpango ulitangazwa tarehe 27 Aprili, ukafunguliwa tarehe 4 Mei. Katika siku zile chache onyo liliandikwa, amri ikaandikwa, na mlango ulifunguliwa siku ile ile iliyotangazwa. Kuandika hakukuchelewesha hata siku moja. Kwa hiyo mkubwa akituambia hana wakati wa kuandika amri yake, tujue ya kuwa wakati upo, ila hataki jina lake liwe chini ya karatasi.

SHERIA ZETU, NA SISI WENYEWE

Katika nchi zetu sheria hazipungui. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, kifungu cha 143, yaweka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, na taarifa zake hupelekwa kwa Rais, naye huagiza ziwekwe mbele ya Bunge. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 229, yamtaka Mkaguzi Mkuu atoe taarifa katika miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kuisha, na Bunge liijadili na kutenda katika miezi 3 baada ya kuipokea. Desturi hii mizizi yake ni ya zamani: Kamati ya Hesabu za Umma ya Bunge la Uingereza iliundwa mwaka 1861, na sheria ya ukaguzi ikafuata mwaka 1866.

Lakini Mkaguzi hakagui mawazo, hukagua karatasi. Akikuta karatasi ya uongo iliyoandikwa vizuri, atadanganyika. Akikuta karatasi ya kweli, ukweli utafika Bungeni hata kama aliyeiandika ni karani wa ngazi ya chini katika wilaya ya mbali. Hapo ndipo ulipo ukubwa wa kazi yetu, Bwana Rais, nao si mdogo.

Wala asiseme mtu kwamba Kamati za Bunge si mahali pa karani. Mwaka 1931 Bwana Martin Kayamba, aliyekuwa karani wa Serikali mjini Tanga, na ambaye mwaka 1922 alikuwa miongoni mwa walioanzisha chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika, alikwenda London pamoja na Chifu Makwaia na Bwana Francis Lwamugira. Wakatoa ushahidi mbele ya Kamati ya Bunge juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika ya Mashariki. Waliulizwa, wakajibu kwa adabu na bila kutetemeka. Aliyezoea kuandika yaliyo kweli ofisini haoni taabu kuyasema mbele ya wakubwa.

Sasa naleta mashauri matatu, ili wanachama wayapime.

Shauri la kwanza: mwanachama asitie sahihi yake kwamba kitu kimepokewa ikiwa hakukiona na kukihesabu. Vitu vikiwa vingi na watu wachache, na aandike idadi aliyoihesabu, na kando aandike, "Sehemu iliyobaki haijahesabiwa." Maneno hayo matatu ni bora kuliko jumla nzuri ya uongo.

Shauri la pili: akiagizwa kulipa au kuandika jambo analoliona kuwa si sawa, asigome wala asinung'unike barazani. Na amwombe mkubwa wake, kwa heshima, aandike agizo lake. "Bwana, nitafanya, naomba tu unipe kwa maandishi, nipate kuweka katika jalada." Mkubwa mwenye nia njema hatachukia. Akichukia, tumekwisha jua jambo.

Shauri la tatu: kila tawi lisome taarifa ya Mkaguzi inapotoka, walau kurasa zinazohusu idara ya wanachama wake na mashirika ya biashara yaliyo chini ya idara hiyo. Ni aibu sisi tulioandika hati zile kusikia hatima yake kwa wapita njia.

Najua neno litakalosemwa tukitoka nje. "Ni rahisi kusema juu ya jukwaa. Karani akiomba amri kwa maandishi atahamishwa, au jina lake litarukwa wakati wa kupandishwa cheo." Ndugu zangu, siwezi kuwaambia kwamba hofu hiyo ni bure. Mtu mmoja akiomba karatasi, huonekana mkaidi, na mkaidi mmoja huhamishwa kwa urahisi. Lakini wanachama wote wa ofisi wakiwa na desturi moja, haitakuwa tena ukaidi wa fulani. Itakuwa namna ya kazi. Hiyo ndiyo sababu ya kuwa na chama. Chama ambacho kazi yake ni kudai mishahara na posho peke yake ni nusu chama. Nusu ya pili ni kumlinda mwanachama anayetenda kazi yake kwa uaminifu, siku ile uaminifu wake unapomwudhi mkubwa. Kwa hiyo naomba Kamati ifikirie kuweka daftari lake yenyewe, ambamo mwanachama aliyeadhibiwa kwa kuomba amri ya maandishi atapeleka habari yake, ili Rais na Katibu waifuate kwa wahusika.

Na sisi nasi tujiangalie. Hatuwezi kudai hesabu kwa Mawaziri ikiwa mweka hazina wa tawi letu hasomi hesabu ya ada zetu mkutanoni. Tulifundishwa shuleni mfano wa bwana aliyewapa watumishi wake mali akasafiri, na aliporudi akataka hesabu. Yule aliyepewa kidogo naye aliitwa, wala hakuachiliwa kwa sababu alipewa kidogo.

Fedha ya Serikali haina mama wala baba wa kuililia ikipotea. Iliyopotea Kongwa ilitoka katika kodi za watu waliokuwa wakila mkate mkavu kwa kipimo, na ardhi iliyoharibiwa ilikuwa malisho ya watu ambao hawakuulizwa. Hawakuwepo ofisini wakati hati zilipoandikwa. Sisi tupo. Tuandike kwa niaba yao.

Hayo ndiyo niliyokuwa nayo, Bwana Rais. Mashauri yale matatu nayaweka mbele ya mkutano yajadiliwe.